KURA YA MTOTO: NAFASI YA CHEKECHEA NI HAKI, SI HISANI

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wazazi, waumini na wapenda mageuzi mjini Eldoret. Tunaichapisha kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengine huliona dogo, yaani nafasi ya mtoto wa miaka minne katika shule ya chekechea ya umma, au nasari kama wengi wetu tunavyoizoea kuiita. Huenda wapo wanaojiuliza: harakati zilizopigania kukomeshwa kwa utawala wa chama kimoja, zikapigania katiba mpya, zina kazi gani na madawati madogo na chaki za rangi?

Jibu langu ni fupi. Serikali hupimwa mlangoni. Raia anapofika katika mlango wa ofisi ya umma, wa hospitali ya umma au wa shule ya umma, hapo ndipo anapojua kama anatawaliwa kwa sheria au kwa upendeleo. Na mlango wa kwanza kabisa wa umma ambao mtoto wa Kenya huupigia hodi kwa miguu yake mwenyewe ni mlango wa chekechea. Akifundishwa hapo kwamba mlango hufunguliwa kwa kujuana, tutamwambia nini atakapotimiza miaka 18 na kupewa karatasi ya kura?

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja lililobeba mizigo miwili. Neno hilo ni kura. Kura ni ile karatasi ambayo mwananchi huitumbukiza sandukuni kumchagua kiongozi. Na kura ni ile inayopigwa na watu wanapogawana kitu kisichowatosha wote, ili asiyepata asiweze kusema kwamba amenyang'anywa. Leo nitazungumza juu ya kura zote mbili, kwa maana naamini kwamba ya pili haitakuwa na haki bila ya kwanza, na ya kwanza haina faida kubwa ikiwa matunda yake hayamfikii mtoto.

FOLENI TULIYOIJUA

Wazee mliopo mtaukumbuka uchaguzi wa 1988. Katika mchujo wa chama kilichokuwa cha pekee, wapiga kura waliamriwa wapange foleni nyuma ya mgombea au wakala wake. Aliyepita asilimia 70 alihesabiwa amekwisha kuchaguliwa, bila ya kupitia kura ya siri. Foleni ndefu ilionekana na kila mwenye macho. Lakini katika sehemu kadhaa za nchi aliyetangazwa mshindi alikuwa mwenye foleni fupi. Wananchi wakaipa desturi ile jina la mlolongo, na jina hilo hadi leo linanuka dhuluma.

Viongozi wa makanisa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupaaza sauti. Hapa kwetu hatuwezi kumsahau Askofu Alexander Muge wa Dayosisi ya Eldoret ya Kanisa la Kianglikana, ambaye aliukemea mlolongo pamoja na dhuluma nyingine za wakati ule bila ya kumumunya maneno, hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mnamo Agosti 14, 1990. Mwaka uliofuata, katika Desemba 1991, kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja tangu 1982 kiliondolewa katika katiba.

Tulijifunza nini katika miaka ile? Tulijifunza kwamba ubaya wa mlolongo haukuwa katika foleni. Watu kusimama mmoja nyuma ya mwingine si dhambi. Ubaya ulikuwa katika mkono wa yule aliyehesabu. Alihesabu apendavyo, hakuandika popote, na hakuulizwa na mtu. Ndiyo sababu tulidai daftari la wapiga kura lionekane, masanduku yakaguliwe yakiwa matupu, na kura zihesabiwe mbele ya mawakala.

Ndugu zangu, nawaomba muichukue hekima hiyo tuliyoipata kwa gharama kubwa, muipeleke kwenye lango la shule ya umma wakati wa kuandikisha watoto wapya. Pale pana foleni. Pana mzazi aliyefika alfajiri na mzazi aliyefika saa nne akiwa na barua mfukoni. Na ndani ya ofisi pana mkono unaohesabu. Nani anaushuhudia?

MLANGO ULIVYOKUWA MWEMBAMBA

Yafaa tukumbuke chekechea zilitoka wapi. Baada ya uhuru wa 1963, nyingi hazikujengwa na serikali. Zilijengwa kwa harambee. Akina mama walichanga senti, kanisa likatoa ukumbi wake siku za wiki, na mwalimu akalipwa kwa kile kidogo kilichokusanywa. Mnamo 1980 ndipo elimu hii ilipohamishiwa chini ya Wizara ya Elimu, na 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa cha kusimamia mafunzo ya walimu na mtaala. Lakini mshahara wa mwalimu, uji wa watoto na paa la darasa viliendelea kuwa mzigo wa mzazi. Mwaka wa 1988 serikali ilipotangaza sera ya kugawana gharama za elimu na wananchi, mzigo huo ukazidi.

Katika miaka ya tisini, hasa mijini, likaongezeka jambo la kusikitisha. Shule za msingi zenye sifa zilianza kuwafanyia mtihani watoto waliotaka kuingia darasa la kwanza. Mtoto wa miaka sita aliketishwa mbele ya mtu asiyemjua, akaulizwa rangi, hesabu na herufi. Chekechea nazo zikaacha michezo na nyimbo, zikawa mahali pa kukaririshwa majibu ya mtihani huo. Mtoto ambaye wazazi wake hawakuwa na karo ya chekechea alishindwa kabla ya kuanza.

Mnamo Januari 2003 elimu ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure, na watoto katika shule za msingi wakaongezeka kutoka takribani milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Ilikuwa furaha kubwa. Hata hivyo, chekechea iliachwa nje ya tangazo lile. Yule mzazi aliyefunguliwa mlango wa darasa la kwanza bila malipo alikuta bado anadaiwa karo katika mlango unaotangulia. Wapo waliowaweka watoto nyumbani wakingoja umri wa darasa la kwanza.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 53 kikampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaihesabu chekechea kuwa sehemu ya elimu hiyo. Na Jedwali la Nne la Katiba likaikabidhi chekechea kwa serikali za kaunti, huku shule za msingi zikibaki mikononi mwa serikali ya taifa. Tangu 2013 kaunti nyingi, ikiwemo yetu ya Uasin Gishu, zimejenga madarasa na kuajiri walimu wa chekechea. Mgala muue na haki mpe: kazi hiyo imefanyika, na anayedai haki hana budi kuyakiri mema.

MJI UMEKUA KULIKO MADARASA

Lakini mji nao haukungoja. Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi wa Eldoret kuwa 475,716. Mnamo Agosti 15, 2024 mji wetu, ule ambao wazee waliuita Sixty-Four, ulipewa hati ya kuwa jiji. Tulishangilia. Lakini jiji ni zaidi ya taa za barabarani na majengo ya ghorofa. Angalieni Langas, angalieni Huruma, Munyaka na Kamukunji: nyumba zimejengwa ukuta kwa ukuta, watoto ni wengi, na shule za umma hazikuongezeka kwa kasi ya vyumba vya kupangisha.

Ushindani unazidishwa na jambo la pili. Chekechea nyingi za umma zimo ndani ya ua wa shule za msingi. Mzazi anajua kwamba mtoto aliyemaliza miaka yake miwili ya chekechea katika ua huo atavuka tu kuingia gredi ya kwanza. Kwa hiyo haombi nafasi ya miaka miwili. Anaomba nafasi ya miaka mingi. Ndiyo maana chekechea ya shule yenye sifa hujaa kabla ya kufunguliwa, hali darasa la umma lililo mtaa wa pili, lisilo na choo cha kutosha wala mwalimu wa pili, lina viti vitupu. Tukisema nafasi hazitoshi, tuseme kikamilifu: nafasi zinazoaminiwa na wazazi ndizo zisizotosha.

Na jambo la tatu ni ardhi. Tume ya Ndung'u iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, na kutoa ripoti yake 2004, ilionyesha jinsi viwanja vya umma nchini, vikiwemo vya shule, vilivyogeuzwa kuwa mali ya watu binafsi. Darasa haliwezi kujengwa juu ya kiwanja kilichokwisha nyakuliwa. Kila kiwanja cha umma kilichopotea mjini ni kizazi cha watoto waliokosa mahali pa kukaa.

Mchukueni kwa mfano mama anayeuza mboga sokoni. Ana mtoto wa miaka minne. Akikosa nafasi ya umma karibu naye, ana njia tatu. Anaweza kumpeleka shule ya kibinafsi ya mtaani na kulipa karo inayokula faida ya sukuma wiki yake yote. Anaweza kumpeleka chekechea ya mbali, na hapo amtafute mtu wa kumvusha barabara asubuhi na adhuhuri. Au amkalishe sokoni kando ya kikapu. Sote tumewaona watoto wa njia ya tatu. Hatujiulizi mara nyingi ni nani aliyewachagulia.

MIKONO MITATU

Nafasi zikiwa haba, mikono mitatu huingia mahali pa sheria.

Mkono wa kwanza ni mtihani. Mtoto hupimwa kama ng'ombe wa mnada. Sheria ya Elimu ya Msingi, katika kifungu cha 34, inakataza shule ya umma kumfanyia mtoto mtihani wa kumwandikisha bila ya idhini ya waziri, na inakataza kumbagua mtoto katika kuandikishwa.

Mkono wa pili ni fedha. Mzazi huambiwa alipie dawati, alipie ukarabati, alipie hiki na kile, na asiyelipa huelezwa kwamba nafasi zimekwisha. Kifungu cha 29 cha sheria hiyo hiyo kinasema kwamba shule ya umma haitamtoza mtoto karo ya masomo. Malipo mengine yakiidhinishwa, mtoto hatazuiwa kusoma kwa kutoyalipa, na hakuna atakayepokea fedha bila ya kutoa risiti rasmi. Kwa hiyo akina mama, mkiombwa pesa, semeni kwa upole: naomba risiti. Maneno hayo mawili yamewahi kuzima tamaa nyingi.

Mkono wa tatu ndio mgumu zaidi, nao ni barua. Barua ya mheshimiwa, simu ya afisa, na, tuseme ukweli tukiwa hapa, kadi ya mtumishi wa Mungu anayemwombea muumini wake. Wapo viongozi wa dini wanaofanya hivyo kwa huruma, na huruma ni jambo jema. Lakini nafasi moja iliyotolewa kwa barua ni nafasi iliyoondolewa kwa mtoto ambaye mama yake hana wa kumwandikia. Huruma yenye kuchagua ndugu zake hugeuka kuwa upendeleo, hata ikiandikwa kwenye karatasi yenye msalaba.

Katika mji huu upendeleo una hatari kuu. Swali la nani anaingia na nani anabaki nje limetuzika. Mapigano ya 1991 na 1992 yaliwang'oa watu katika makazi yao sehemu mbalimbali za Bonde la Ufa. Na mnamo Januari 1, 2008 kanisa la Kiambaa, kando ya mji huu, lilichomwa likiwa na watu waliolikimbilia, wakiwemo akina mama na watoto. Marehemu Askofu Cornelius Korir wa Jimbo Katoliki la Eldoret alitumia sehemu kubwa ya utume wake kuzipatanisha jamii, na njia yake moja ilikuwa miradi ambayo jamii zilizokosana ziliitumia pamoja, kama barabara na shule. Aliona kwamba watu wanaogawana kitu kwa haki hujifunza kukaa pamoja. Kinyume chake nacho ni kweli. Mzazi anayenong'onezwa kwamba nafasi imekwenda kwa kabila jingine hahitaji ushahidi ili aamini. Huhitaji tu kwamba hakuna aliyeona hesabu.

KURA ILIYO WAZI

Tufanye nini basi, mahali ambapo watoto 90 wanaomba na viti ni 40? Napendekeza kwamba nafasi hizo zigawanywe kwa kura ya wazi.

Najua neno hili litawashtua baadhi yenu. Mtaniuliza, je, tumcheze mtoto bahati nasibu? Hapana. Katika kamari kila mtu huweka dau akitumaini kuvuna hasara ya mwenziwe. Katika kura ninayoisema hakuna dau, hakuna tiketi, na hakuna anayetajirika. Waumini mnajua kwamba nchi ya Kanaani iligawanywa baina ya makabila ya Israeli kwa kura. Na mitume walipotafuta wa kushika mahali pa Yuda, waliweka kwanza sifa za anayefaa, wakawapata wawili, wakaomba, ndipo wakapiga kura, nayo ikamwangukia Mathia. Zingatieni utaratibu ule: masharti yalitangulia, kura ikafuata, na mambo yote yakafanyika mbele ya kusanyiko.

Wala si jambo geni ulimwenguni. Katika jiji la Washington, Marekani, sheria ya 2008 iliweka lengo la kuwapatia nafasi watoto wote wa miaka mitatu na minne. Tangu mwaka wa masomo wa 2014 na 2015 jiji hilo lina kura moja ya pamoja. Familia huorodhesha hadi shule 12 kwa kadiri inavyozipenda, kompyuta humpa kila mtoto nambari bila ya kujua ni mtoto wa nani, na mwenye ndugu aliyemo shuleni tayari hutangulizwa. Asiyepata huingizwa kwenye orodha ya kungoja iliyo na mpangilio. Na hata katika jiji tajiri namna ile, shule zinazopendwa hazitoshi. Kura haikuongeza hata kiti kimoja. Iliwaondolea wenye vyeo uwezo wa kuruka foleni, basi.

Sisi hatuhitaji kompyuta. Twahitaji mambo sita. Kwanza, nafasi zihesabiwe na idadi ibandikwe ukutani kabla ya kuandikisha. Pili, tarehe za kuandikisha zitangazwe makanisani, misikitini, sokoni na katika baraza la chifu, kwa Kiswahili na lugha za watu wa mahali pale, ili asiyesoma gazeti asiachwe. Tatu, masharti ya kutangulizwa yawekwe mapema na yawe machache: mtoto mwenye ulemavu, yatima, mwenye ndugu shuleni, anayeishi umbali wa kutembea. Nne, nafasi zilizobaki zipigiwe kura hadharani, nambari zikiwa ndani ya kikapu, mtoto mdogo akizitoa mbele ya wazazi. Tano, wasiopata waandikwe kwa mpangilio wa kura, na nafasi ikipatikana aitwe aliye juu, si aliye karibu na mwalimu mkuu. Sita, kumbukumbu zitiwe sahihi na walimu, wawakilishi wa wazazi na mashahidi wa dini zote.

Walimu wakuu wema watanufaika kuliko mtu yeyote. Mwalimu anayepigiwa simu usiku na mkubwa hana ngao leo. Kesho atajibu: Mheshimiwa, kura ilipigwa Jumamosi mbele ya watu wote, mlete mtoto mwakani.

HESABU YA WALIOBAKI NJE

Nisikilizeni sasa kwa makini, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kura hugawa uhaba, haiuponyi uhaba. Tukiridhika na kikapu cha nambari, tutakuwa tumeifanya dhuluma iwe na adabu, na watoto 50 bado watarudi nyumbani. Haki iliyomo katika Kifungu cha 53 hakupewa mtoto mwenye bahati. Amepewa kila mtoto.

Faida kubwa ya kura iliyo wazi ni kwamba inaacha orodha. Mlango wa nyuma hauhesabu waliobaki nje. Mzazi aliyekosa kwa upendeleo huondoka kimya, akaona aibu, akakopa karo ya shule ya kibinafsi, na mwisho wa mwaka wakubwa husema kwamba kila mtoto ana mahali. Lakini orodha ya wasiopata, iliyotiwa sahihi, shule kwa shule na mtaa kwa mtaa, haiwezi kuambiwa inyamaze. Inasema kwamba mtaa huu umekosa nafasi 50, yaani madarasa mawili na walimu wawili. Hayo si malalamiko tena. Ni hesabu, na bajeti hutungwa kwa hesabu.

Tazameni kalenda. Tukipiga kura za chekechea Novemba, kabla ya mwaka wa masomo wa Januari, orodha zitakuwa tayari Desemba. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, serikali ya kaunti hupeleka mkakati wake wa kifedha bungeni kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, ili mwaka wa fedha uanze Julai 1. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na wananchi washirikishwe. Kwa hiyo vikao vya maoni vinapoitwa, tusiende kunywa soda na kupiga makofi. Twende na orodha mkononi.

Kaunti yetu ina wadi 30. Kila wadi ina mwakilishi aliyekuja kwetu akiomba kura ile ya kwanza. Aulizwe hadharani: wadi yako ilibakiza watoto wangapi nje, na katika makadirio haya umewaombea madarasa mangapi? Akikosa jibu, mnajua cha kufanya siku ya uchaguzi. Hapo ndipo kura mbili zinapokutana.

Tukinyimwa habari, Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kuzipata, na Sheria ya 2016 ya Kupata Habari inampa afisa wa umma siku 21 za kujibu maombi yaliyoandikwa. Tukiambiwa fedha hazipo, tukumbuke Kifungu cha 20: serikali inayodai kwamba haina uwezo wa kutimiza haki ya elimu ndiyo inayopaswa kuthibitisha hivyo. Mzigo wa ushahidi hauko kwa mama wa sokoni. Uko kwa mwenye hazina, naye atueleze safari, samani na magari yamegharimu kiasi gani katika mwaka ambao watoto wamekosa viti.

MAKANISA NA WANAHARAKATI

Nimalizie kwa kusema na sisi wenyewe tuliomo humu. Makanisa mengi katika mji huu yana kumbi ambazo hufungwa kutoka Jumatatu hadi Ijumaa. Chekechea za Kenya zilizaliwa katika kumbi kama hizo. Zikifunguliwa tena, kwa makubaliano yaliyoandikwa kwamba kaunti italeta mwalimu na kanisa halitatoza karo wala kuuliza dhehebu, watoto wengi watapata mahali huku tukidai madarasa. Lakini tusiifanye sadaka kuwa kisingizio cha serikali kukwepa wajibu. Ukumbi wa kuazima ni mwavuli wakati wa mvua. Nyumba ni lazima ijengwe.

Viongozi wa dini nao na wakubaliane kwamba hakuna atakayeandika barua ya kumwombea mtoto nafasi, hata awe wa mzee wa kanisa. Badala ya barua watoe mashahidi wa kusimamia kura. Itakuwa vigumu mara ya kwanza. Lakini mchungaji aliyemnyima muumini tajiri barua atakuwa amewahubiria maskini mahubiri marefu bila ya kufungua kinywa.

Nanyi wanaharakati, nawaomba msiidharau kazi hii kwa kuwa haina helikopta wala umati wa watu. Tulipigania vyama vingi ili mwananchi awe na uwezo wa kuuliza. Vyama sasa ni vingi hata majina yake hatuyakumbuki, na bado mama anasimama langoni asijue nani anahesabu. Hatukuvumilia virungu na vitoa machozi ili tubadilishe majina ya wanaopendelewa. Anzeni na shule moja, mtaa mmoja, Novemba moja. Ikifaulu, shule ya pili itaona haya kuficha hesabu zake.

Samaki mkunje angali mbichi. Tumezoea kumwambia mtoto methali hiyo, lakini yafaa pia kuwaambia wanaomtawala. Serikali ya kaunti ingali changa, desturi zake zingali zinakunjika, na jiji letu lina hati ambayo wino wake haujakauka sana. Tukiizoesha leo kuhesabu watoto mbele ya watu, itazoea. Tukiiacha izoee mlango wa nyuma, wajukuu wetu wataipindua kwa jasho kama tulilotoka sisi.

Kwa hiyo tokeni hapa mkiwa na kazi tatu. Mkaulize katika shule ya umma iliyo karibu nanyi idadi ya nafasi za chekechea za mwaka ujao. Mkadai iandikwe ukutani. Na siku ya kuandikisha, mkasimame pale kama mashahidi, hata kama mtoto anayeandikishwa si wenu.